Olkaria: Tazama Tope, Usitazame Mnara

Ukishuka kutoka Nairobi kwa barabara ya Mai Mahiu, Longonot ndio mlima unaokupokea. Naivasha nilipanda matatu ya kuzunguka ziwa, nikapita mashamba ya maua hadi lango la Elsa, mbugani Hell's Gate. Baada ya jabali liitwalo mnara wa Fischer ni pundamilia, na mbele zaidi ni mabomba ya mvuke, yaliyopindwa kama malango ili wanyama wapite chini yake na chuma kipate pa kutanukia kikishika moto. Wengi hupiga picha hapo wakageuza. Mimi nilikuwa na mwaliko wa kufika Olkaria, kwenye mtambo wa kuchimbia kisima cha mvuke wa kuzalishia umeme.

Mwenyeji wangu, fundi mkongwe, alinipa helmeti, akapaza sauti kuzishinda pampu: "Wageni hutazama mnara wa mtambo. Wewe tazama tope."

Tope hilo ni maji na udongo wa bentonaiti. Hushuka ndani ya bomba, hutokea kwenye matundu ya keekee, kichwa kinachotoboa mwamba, kisha hupanda kwa nje ya bomba likibeba vipande vya mwamba, na joto pia. Visima vya Olkaria hufika kama kilomita 3, na huko chini joto hupita nyuzi 300 za Selsiasi. Tope likikaa kwenye moto wa namna hiyo huganda. Halafu kuna kisirani kingine: tope la moto linalopanda humpasha mwenzake anayeshuka, maana kati yao pana ukuta wa chuma tu. Dawa ni mwendo. Pampu zikienda kasi, keekee hupoa. Zikisimama, kisima huanza kurudia joto lake.

Kwenye chekeche linalotetemeka, vipande vilifuka mvuke. Fundi akaokota kimoja chenye punje za kijani-manjano. Epidoti, akasema, hujitokeza penye nyuzi kama 240 kwenda juu. Lakini hayo ni madini, si kipimajoto: huenda mahali pameshapoa tangu yalipoumbwa. Tope nalo likaenda kupozwa, lishuke tena.

Mtambo wa ng'ambo ya korongo ulikuwa ukitema povu jeupe. Wao wameshafika kwenye mwamba wenye mvuke, na huko tope halitumiki kwa kuwa lingeziba nyufa zinazotafutwa. Hutumia maji, hewa na sabuni ya povu. Maji yakipotelea ufani, ni habari njema na ya hatari kwa pamoja: ufa umepatikana, lakini vipande visipopanda vitaling'ang'ania bomba.

Kisima kikiisha hakitoi mvuke papo hapo, kwani maji yote yale yamekipoza. Hufungwa, kikaachwa kwa majuma, pengine miezi, kipate joto. Nikauliza nirudi lini kukisikia kikinguruma.

"Utapigiwa simu," akajibu, akarudi kwenye chekeche.