Jino lililopanda bodaboda

Ilikuwa Mikindani, msimu wa korosho, mdogo wangu wakati huo ana miaka 12, akapanda mkorosho wa mjomba kutafuta mabibo, tawi likamkatikia akaja nalo hadi chini mdomo ukapiga kwenye shina. Kainuka anacheka kabisa, afu ndo tukaona damu na pengo mbele, jino la juu halipo. Tukalikuta kwenye majani, zima na mzizi wake mrefu, limejaa mchanga.

Bibi akasema litupeni juu ya paa, kama ya utotoni vile. Ma'mdogo yeye kashalidaka anataka alisugue na kanga liwe safi, hapo dada yangu aliyekuwa anasomea unesi akapiga ukelele, "Ma'mdogo usilisugue! Shika huku juu, mzizi usiguse!" Kumbe kwenye mzizi kuna nyuzi nyembamba zinazolishikilia jino kwenye mfupa, ukizikwangua zinakufa, likikauka nje saa nzima nazo zinakufa. Lilitakiwa lirudishwe shimoni palepale ila dogo kafunga mdomo kama chaza, hataki mtu amsogelee, basi dada akakimbia dukani akaleta maziwa ya pakiti, jino ndani ya kikombe, bodaboda hadi Mtwara mjini mama kakishika kikombe kwa mikono miwili njia nzima.

Daktari akapiga ganzi, akalirudisha, akalifunga na meno ya jirani kwa waya mwembamba unaoachia licheze kidogo, wiki mbili, na sindano ya pepopunda juu. Sisi tunajua kesi imeisha. Siku chache mbele daktari anasema analitoboa. Mama akahamaki, limeshashika unalitoboa la nini? Akamwambia mama, kushika limeshika, ila mshipa wa ndani ulishakatika na kwa umri wake hauungi tena, kiini kikioza humo mwili utaanza kuula mzizi. Akakisafisha, akaweka dawa, baadae akaziba.

Mi nilidhani ndo mwisho. Dogo akawa anarefuka, jino likabaki fupi kuliko wenzake, daktari akiligonga na mpini wa kile kioo chake cha kuangalizia meno linalia kikavu, ti ti. Eksirei ikaonyesha limegandana na mfupa na mfupa unachukua nafasi ya mzizi pole pole. Mama akauliza ling'olewe? Akasema aah, wacha tulifuatilie kwanza, likizidi kuzama ntalikata juu mzizi ubaki utunze mfupa, habari ya jino la bandia la kudumu tutaongea akishamaliza kukua. Dogo akauliza bei papo hapo.