R ya Kituruki: kumbukumbu ya mradi wangu wa ulimi

Januari

Mradi wenyewe ni mdogo. Nataka niitamke R ya Kituruki kiasi kwamba muuzaji wa jumla kule Merter asiniulize mara ya pili nimesema nini. Sarufi ya kuombea bei ninayo, majina ya nguo ninayo, tarakimu ninazo. Iliyobaki ni herufi moja, tena ile ambayo kila Mswahili huamini kazaliwa nayo.

Kwa asiyepajua, Merter ni sehemu ya Istanbul, upande wa Ulaya, iliyojaa maduka ya nguo za jumla. Wenye maduka Kariakoo huitaja pamoja na Laleli na Osmanbey kama wanavyotaja Msimbazi na Mtaa wa Kongo. Laleli unaweza kumaliza mzigo wako wote kwa Kirusi, Kiarabu na kikokotoo. Mkionyeshana namba, mambo yanakwenda. Lakini mwenye duka akisikia unaongea lugha yake, chai inaletwa, na chai ikishaletwa bei nayo huanza kulegea. Hiyo ndiyo sababu yangu. Ya kisomi sina.

Nimejirekodi kwenye simu, nikajilinganisha na sauti za Waturuki kwenye tovuti ya Forvo, ambako watu huweka matamshi ya maneno ya lugha zao. R ya katikati ya neno haina tatizo. Araba (gari), para (hela), sarı (njano): zote zimekaa. Ncha ya ulimi inagonga mara moja tu kwenye ufizi wa juu, nyuma kidogo ya meno, halafu inaachia, na hivyo ndivyo tunavyofanya kwenye bara na kura. Si R ya kooni kama ya Wafaransa, wala ile ya Waingereza ambayo ulimi haugusi kitu. Mwingereza akianza Kituruki ana kazi ambayo sisi mama zetu walishatumalizia.

Shida iko mwisho wa neno. Neno likiishia na R, mdomo wangu unalifunga kwa irabu, hata nisipotaka. Bir (moja) inatoka "biri". Var (ipo) inatoka "vari". Ne kadar (bei gani) inatoka "ne kadari". Ndivyo tulivyozoea: maneno yetu huisha na irabu, na la mgeni likija bila irabu tunalivisha. Kwenye mali ya urithi kutoka Kiarabu na Kiajemi, wao wanasema haber, asker, sefer, şeker. Sisi habari, askari, safari, sukari.

Ingekuwa ni lafudhi tu ningeiacha. Lakini Kituruki ni lugha ya viambishi tamati, na i ya mwisho ina kazi yake. Biri ni "mtu fulani" au "mmojawapo". Şekeri ni sukari inayotendwa jambo, au sukari ya fulani. Ne kadarı ni "kiasi gani kati ya hicho". Askerî, i ikivutwa, ni "-a kijeshi". Na dar, neno la muuza nguo la kila siku, maana yake "inabana". Ongeza irabu upate darı, ambayo ni nafaka, ndugu yake ulezi. Umeshika suruali ya mtoto, unamwambia mwenye duka: hii ni ulezi sana.

Februari

Njia ya kwanza niliyojaribu ni kuikata irabu kwa nguvu. Nasema "dari", nabana kabla i haijatoka.

Hapa nimtaje mwalimu wangu, ambaye mwenyewe hajiiti mwalimu. Ni mama mmoja muuzaji wa Merter, namwita Abla kama wanavyomwita wateja wote, yaani dada mkubwa. Yeye ananiita canım, mpenzi wangu, lakini naye anawaita hivyo wateja wote, kwa hiyo sijivuni. Namtumia sauti kwa WhatsApp, ananijibu akiwa na nafasi. Nilimtumia "dar" yangu iliyokatwa. Akajibu: "Dal mı?" Dal ni tawi la mti.

Maelezo yake yapo. Ukiubana ulimi kwenye ufizi ukaubakiza pale, hiyo si R tena, ni L. R ni ulimi unaopita, L ni ulimi unaokaa. Na Kituruki kimejaa jozi za mtego huo: kar (theluji) na kal (baki), bir (moja) na bil (jua), yer (mahali) na yel (upepo). Sisi watu wa Kanda ya Ziwa, ambao kwetu kura na kula hupeana nafasi bila ugomvi, tuna kazi mara mbili.

Watu wananishauri niangalie tamthilia za Kituruki. Zinazoonyeshwa kwetu zimewekwa sauti za Kiswahili. Sultani anaongea R ya Kinondoni.

Februari, mwishoni

Nimesikiliza sauti za Abla kwa vipokea sauti vya masikioni, usiku, mtaa umetulia. Kila R yake ya mwisho ina mchirizo. Bir inasikika karibu na "birsh". Var inasikika "varsh". Mwanzo nilidhani ni mtandao, lakini mtandao hauharibu herufi moja tu na kuziacha nyingine.

Nikapakua Praat kwenye kompyuta. Ni programu ya bure ya kuchambua sauti, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Sura yake ni ya kizamani, inafungua madirisha mawili kwa mpigo na hakuna anayekuambia uanzie lipi. Ila ukishaizoea inakuchorea sauti: muda unakwenda kulia, sauti nyembamba ziko juu, nzito ziko chini.

R ya araba inaonekana kama ufa mwembamba, pale ulimi ulipofunga njia kwa kitambo kidogo sana. R ya bir ya Abla haina ufa. Ina wingu la kijivu upande wa juu, sawa na linaloonekana kwenye sh, na chini, ambako mtetemo wa koo hujichora, pamekatika. Maana yake koo limeshanyamaza, ulimi umesogea karibu na ufizi bila kuufunga, na pumzi inapenya kwenye upenyo uliobaki. Kwangu mtetemo unakwenda hadi ukingoni mwa picha. Ndiyo ile irabu, hata pale ambapo sikio langu lilishaniambia nimeifuta.

Vitabu vya wanaoanza vingi hupita hapa haraka: R hutamkwa kama r, ukurasa unaofuata tafadhali. Lakini ukweli ni kwamba R yao ya mwisho ni jamaa ya sh kuliko inavyofanana na R ya katikati. Mlio wake ni kama tone la maji lililodondokea kikaango cha moto, ule mfupi, ukiisha umeisha.

Tangu hapo nimebadili zoezi. Sikati tena irabu. Nanong'ona. Ukinong'ona neno zima, koo halitetemi kabisa, kwa hiyo R ya mwisho inatoka bila sauti yenyewe tu, bila kuilazimisha. Nanong'ona bir, var, dar, kadar. Nikishaisikia ile pumzi, narudisha sauti kwenye irabu tu, lakini R inabaki kunong'onwa: bi kwa sauti, r kwa pumzi. Ulimi haukazwi. Hicho ndicho kilichonichelewesha kwenye kukata: nilikuwa naongeza nguvu mahali panapotaka kulegeza.

Anayekaa chumba cha pili anadhani nina siri na simu.

Ramadhani

Mwezi umenipa maneno ya mazoezi bila kuyatafuta. Futari kwao ni iftar. Daku ni sahur. Idi yenyewe wanaiita Ramazan Bayramı, na wengi wanaiita pia Şeker Bayramı, sikukuu ya peremende, kwa sababu ya pipi wanazokaribishia wageni na watoto. R za mwisho kila upande. Nimefanya iftar na sahur kwa kunong'ona kila siku kwa wakati wake, na sahur ndiyo iliyokubali upesi, nadhani kwa sababu saa hizo hakuna mtu mwenye nguvu ya kuongeza irabu.

Kuna jambo lingine nililolipenda. Kufunga kwao ni oruç. Neno hilo limetoka Kiajemi, ambako linaanza na R. Kituruki cha asili hakikuwa na maneno yanayoanza na R, ndiyo maana la mgeni lilipoingia likawekewa irabu mbele. Vijijini Anatolia, upande wa Asia wa Uturuki, bado wazee humwita Recep "İrecep", na Rum, jina la kale la nchi ya Warumi, ikaitwa Urum. Yaani nao wana ugonjwa wetu, ila wao unawashika mlangoni na sisi unatushika uani.

R ya mwanzo nayo nimeipitia kidogo. Renk (rangi), resim (picha), Rize, mji wa chai kule Bahari Nyeusi. Ina mchirizo kidogo kwa wasemaji wengi, ila R yetu ya kawaida inapita, hakuna anayeuliza. Nimeiacha ilivyo.

Baada ya Idi

Kuna kijana wa mtaani aliyefanya kazi na Waturuki kwenye ujenzi wa reli ya SGR, kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro. Anaongea Kituruki cha saiti, cha haraka, kimejaa maneno ya zege na nondo, na matusi ambayo siyaandiki. Nilimwomba aseme bir. Akaisema safi kabisa, na mchirizo wake, wala hajawahi kusikia habari za Praat. Nikamuuliza amejifunzaje. "Nilikuwa namwigiza foremani, kaka. Ukimwigiza vibaya anakufukuza."

Yeye ndiye aliyenionyesha shimo lingine: R inayofuatwa na konsonanti. Nilimhesabia hela, nikafika arobaini na nne, kırk dört, akacheka hadi akakaa chini. Nilikuwa nasema "kiriki doroti". Ni irabu ile ile, imehama tu kutoka mwisho ikajibana katikati. Tena ni tabia ya zamani ya lugha yetu: Türk tukamfanya Mturuki, na merhaba yao ni ndugu wa marahaba yetu, tofauti kubwa ni a moja tuliyoipenyeza.

Dört imekubali upesi kuliko kırk. R na t zinafanyika karibu mahali pamoja, kwa hiyo ulimi ukishagusa kwa ajili ya R unabaki huko huko unafunga t, hakuna nafasi ya o kupita. Kırk ina safari: ncha ya ulimi iko mbele, halafu nyuma ya ulimi inapaswa kufunga k, na katikati ya safari hiyo ndiko i inakopanda. Dawa yangu ni kuiandaa k mapema, nyuma ya ulimi iwe imeshaanza kupanda wakati ncha inagonga. Kwa mwendo wa polepole haifanyi kazi. Kwa mwendo wa kuhesabu hela inafanya.

Mei

Nimegundua njia ya mkato ambayo ni halali. Kituruki kina kanuni inayoitwa ulama: konsonanti ya mwisho ikifuatwa na neno linaloanza na irabu, inaruka na kujiunga nalo. Bir elma (tofaa moja) inakuwa bi-rel-ma. Teşekkür ederim inakuwa te-şek-kü-re-de-rim. R ikisharuka hivyo imekuwa R ya katikati, yaani ile tunayoijua. Kwa hiyo "ne kadar" peke yake ni mtihani, lakini "ne kadar abla?" ni mteremko: ne-ka-da-rab-la. Na nimeonekana nina adabu.

Abla ameigundua hila. Sasa ananijibu: "Bir daha, ablasız." Tena, bila abla.

Njia nyingine ya mkato wanaitumia wenyewe: kuidondosha. Kwenye mazungumzo ya kawaida bir şey (kitu) inakuwa "bi şey", bir dakika inakuwa "bi dakka", geliyor (anakuja) inakuwa "geliyo". Wanafunzi wengi wakiisikia hiyo wanafurahi na kuidondosha kila mahali. Mimi naona ni haraka mno. Naidondosha pale tu ninapowasikia wao wakiidondosha, na var, dar na kadar sijawasikia Merter wakizigusa. Tena mtu akidondosha R kwa kuwa hawezi kuitamka, inasikika tofauti na anayeidondosha kwa uvivu wa mwenye lugha.

Juni

Hali ilivyo. Bir, var na dar zinatoka na mchirizo bila kunong'ona kwanza, na kwenye Praat mtetemo unakatika mahali unapopaswa. Kadar inakwenda nikiwa nimetulia. Nikiwa naombea bei, moyo ukidunda, i inarudi. Hayır (hapana) bado inanishinda, kwa sababu ı yao, ile i isiyo na nukta, yenyewe sijaiweka sawa, na makosa mawili kwenye neno moja yanafichana. Abla amenitumia sauti ya mteja mwingine, Mwarabu, akinung'unikia mzigo uliochelewa, nisikilize R zake. Zinatetemeka mara kadhaa kila moja. Anaeleweka vizuri tu. Hilo limenipunguzia ukali kwangu mwenyewe, ila sijaacha.

Linalofuata ni wingi wa majina. Kila neno linaloishia na R likiwa katika wingi linabeba -ler au -lar: haberler, yerler, askerler. R, halafu L papo hapo, halafu R nyingine mwisho ya kuchirizika. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa hiyo ni adhabu iliyopangwa. Naanza na terlik, ndala za ndani, ambayo ina R na L zimeshikana lakini mwisho wake ni rahisi. Mzigo wa Agosti una ndala za watoto, rangi tatu, na sitaki nizionyeshe kwa kidole.