Juisi ya maganda ya nanasi na wale bakteria wa tumboni

Siku hizi nikifungua tu TikTok nakutana na mtu kashika jagi la maganda ya nanasi, anakwambia kunywa hii tumbo lako litakaa sawa. Wamexico wanaiita tepache na wameinywa enzi na enzi, maganda, sukari guru, mdalasini na maji, unafunika na kitambaa siku mbili tatu basi. Mi naipenda kweli, lile povu jeupe linavyopanda pembeni ya maganda na ile harufu ya nanasi inayoelekea pombe, ila hayo madai jamani.

Kinachofanyika mle ni kwamba kwenye ganda tayari kuna hamira na bakteria wa asili (kwahiyo suuza tu, usisugue na sabuni), wanakula sukari, hamira inatoa gesi na kilevi kidogo, bakteria wanatoa asidi, alafu wengine wanageuza kile kilevi kuwa siki ndo maana ukiisahau sana unabaki na siki. Sa ukinywa, wengi wanafia kwenye asidi ya tumbo, na wanaovuka mara nyingi wanapita tu, hawahamii. Na ile ya dukani iliyochemshwa ndo kabisa, bakteria walishakufa.

Lakini sio kwamba hamna kitu. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, 2021 walitoa utafiti wa watu 36, wiki 10, kundi moja likala sana vitu vilivyochachushwa, yogati, kimchi (kabichi iliyochachushwa ya Kikorea), kombucha (chai iliyochachushwa), na aina za bakteria utumboni zikaongezeka, viashiria vya uvimbe wa ndani ya mwili (inflammation, sio uvimbe wa kansa) kwenye damu vikashuka. Kilichonishangaza, bakteria wapya wengi hawakutoka kwenye vyakula vyenyewe! Na walikuwa wanakula kama vipimo sita kwa siku, sio kaglasi kamoja Jumapili.

Alafu kuna polifenoli (kemikali za asili za mimea) za tunda lenyewe, nyingi hazifyonzwi juu huku, zinashuka hadi utumbo mpana na bakteria wanazivunja. Komamanga kwa mfano, kuna watu bakteria zao zinatengeneza urolithini (kemikali inayobaki bakteria wakivunja polifenoli zake) kutokana nayo na kuna watu wala, juisi ileile. Nyuzinyuzi ndo usizitegemee humo, zimebaki kwenye machicha.

Ndugu zangu Waislamu, kilevi kinaanza mapema kuliko mnavyodhani, kuweni makini. Na mkishaichuja mkaiweka kwenye chupa, tumieni ya plastiki, fungueni kifuniko kila siku itoe gesi, ya kioo ikipasuka jikoni utaokota vipande mpaka chini ya friji.