Kumbukumbu ya mradi: kupima madai ya dunia bapa kwa safari za ndege

Safari nyingi ndefu za ndege haziwezi kuamua kama dunia ni tufe au ni bapa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoandika kwenye daftari la mradi huu, na ndilo lililonisaidia kuliko yote yaliyofuata.

Chukua Dar es Salaam kwenda Istanbul. Ramani inayopendwa na watu wa dunia bapa ni ile aliyoitoa Alexander Gleason wa Buffalo, Marekani, mwaka 1892. Ncha ya Kaskazini iko katikati, na Antaktika imetandazwa pembezoni kuzunguka duara lote. Ukienda kaskazini au kusini moja kwa moja, umbali wa kwenye ramani hiyo ni uleule wa kwenye tufe. Istanbul haiko mbali na mstari wa kaskazini mwa Dar, kwa hiyo ramani zote mbili zinasema ni kilomita 5,500 hivi na tofauti yake haifiki kilomita 100. Mtu akikuletea safari hiyo kama ushahidi wa upande wowote, mwambie atafute nyingine. Nairobi hadi New York ni afadhali kidogo: 11,840 kwenye tufe, 13,140 kwa Gleason. Hata hivyo, kwa tofauti hiyo mbishi ataleta habari za upepo na mtakesha.

Ramani hizi zinaachana kabisa kusini. Kwenye tufe, ukishavuka ikweta duara za latitudo zinaanza kupungua. Kwenye ramani bapa zinazidi kupanuka. Kuizunguka dunia kwenye latitudo ya Sydney ni kama kilomita 33,000 kwa tufe na zaidi ya 86,000 kwa bapa. Ndipo nikajua pa kupima: njia za mashariki na magharibi, ndani kabisa ya kusini.

Manila na bikari

Nilichora ramani ya Gleason kwenye karatasi ya manila kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 1,000. Sydney ikaangukia sentimita 13.8 kutoka katikati, Santiago ya Chile 13.7, na pembe kati yao digrii 138. Nikaweka rula: sentimita 25.7. Nikarudia kwa kanuni ya kosaini, ile ya sekondari, jibu likawa lilelile, kilomita 25,700. Kwenye tufe ni 11,340.

Sasa ratiba. Qantas, shirika la ndege la Australia, walianza kuruka Sydney hadi Santiago bila kutua njiani mwaka 2012, na LATAM, shirika la Chile, nao wanaipiga njia hiyo. Kwenda Santiago ni kama masaa 12 na nusu, kurudi ni kama 14 kwa sababu upepo wa kule unavuma kutoka magharibi. Gawanya 25,700 kwa 12.5 upate zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, karibu mara mbili ya kasi ya sauti kwenye anga la juu. Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, ilikuwa na kasi ya namna hiyo, lakini ilistaafu mwaka 2003 na haikuweza kuruka hata kilomita 8,000 bila kujaza mafuta. Safari ndefu kuliko zote za abiria leo bila kutua njiani, Singapore hadi New York, ni kilomita 15,300 hivi na inachukua karibu masaa 19. Boeing 787 ya kubeba mafuta ya kilomita 25,700 haijaundwa.

Upepo nao hauokoi. Ukiisukuma ndege wakati wa kwenda, utaizuia wakati wa kurudi. Hapa safari zote mbili zingehitaji kusukumwa kwa zaidi ya kilomita 900 kwa saa.

Johannesburg hadi Sydney nimepata 11,020 kwa tufe na 23,500 kwa bapa. Njia hii ndiyo iliyonifaa zaidi barazani, kwa sababu pingamizi la kawaida ni kwamba ndege hizo hazipo, abiria wanapitishwa Dubai. Kweli wapo wanaopita Dubai, tena wengi. Lakini Sydney hadi Dubai peke yake ni kama masaa 14, halafu Dubai hadi Johannesburg ni mengine 8, bado hujasubiri kuunganisha. Anayepanda ya moja kwa moja Sydney anashuka Johannesburg baada ya masaa 14 hivi. Huwezi kumpitisha Dubai kwa muda huo, iwe kwa ramani ya Gleason au ya mtu mwingine yeyote.

Ya karibu na sisi: Nairobi hadi Kinshasa. Tufe 2,410, bapa 3,860. Safari ni kama masaa matatu na nusu, pamoja na ndege kutambaa uwanjani. Kwa ramani bapa, Boeing 737 ingelazimika kupita kilomita 1,000 kwa saa, wakati mwendo wake wa kawaida ni 840 hivi.

Antena

"Fundi, hizo za Sydney umeziona wewe mwenyewe au umesoma tu?" aliniuliza rafiki yangu wa kijiweni, anayeamini dunia bapa kwa moyo wote. Swali la haki kabisa. Ndege hutangaza zenyewe mahali zilipo na urefu wake kwa redio ya megahezi 1,090, kwa mfumo uitwao ADS-B. Nikanunua kifaa kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye laptopu, nikaweka dump1090, programu ya bure ya kusoma matangazo hayo, nikakata waya wa shaba sentimita 6.9, yaani robo ya urefu wa wimbi. Nikaulehemu kwenye soketi, na chini yake nyaya nne zinazoinama kama mbavu za mwavuli. Antena ikapanda juu ya paa la ghorofa tatu.

Kutoka Dar siioni Sydney, lakini naiona Mafia. Kisiwa kiko kilomita 125 hivi kusini. Ndege ndogo ikishuka kwenda kutua kule, ishara yake inakatika ikiwa bado na mita mia saba hivi za urefu. Ndege kubwa ikipita juu ya Mafia hiyohiyo kwa mita 11,000, naipata bila shida, na naendelea kuipata mpaka inakaribia kilomita 400. Umbali ni uleule, kilichobadilika ni urefu, kwa hiyo hoja ya redio dhaifu haisimami. Kwenye tufe hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa ndege kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita, kisha fanya hivyohivyo kwa urefu wa antena na ujumlishe. Kwa mita 11,000 peke yake, kabla ya antena, inakuja 430. Kwenye uwanda bapa hakuna sababu ya ile ndogo kupotea.

Tuliikalia laptopu pamoja, yeye akisoma urefu, mimi nikiandika. Kisha nikamwonyesha Dodoma kwenye manila. Kwa Gleason, mstari mnyoofu kutoka Dar ni kilomita 650. Barabara ya lami, na kona zake zote kupitia Chalinze, Morogoro na Gairo, ni 450 hivi. Dereva yeyote wa basi anaijua. Barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari mnyoofu.

"Basi hiyo ramani siyo yenyewe," akasema.

Nimekubali kuipima nyingine yoyote atakayoleta, kwa sharti moja: karatasi hiyohiyo moja ibebe Sydney hadi Santiago, Johannesburg hadi Sydney, Nairobi hadi Kinshasa na Dar hadi Dodoma, zote kwa kipimo kimoja. Wakati nasubiri, naongeza Perth hadi Johannesburg kwenye jedwali, na nainua antena mita chache nione kama mpaka wa Mafia utashuka kama hesabu inavyosema.