Viazi vya Malimbuko

Somo la juma: Kumbukumbu la Torati 26:1-11, Mithali 3:9-10

Wapendwa katika Bwana,

Neno malimbuko limezoeleka mno masikioni mwetu, hasa mwezi Januari, hata likitamkwa madhabahuni mawazo yetu hukimbilia bahasha na mshahara wa kwanza wa mwaka. Katika Kumbukumbu la Torati neno hilo lingali lina harufu ya udongo. Mwisraeli alitakiwa kuchukua sehemu ya mazao ya kwanza ya nchi, ayatie kikapuni, ayapeleke mahali atakapopachagua Bwana na kuyaweka mbele ya madhabahu, wakati mazao mengine yangali shambani na hajui kama nzige watapita. Anayetoa mwishoni huwa amekwisha kupiga hesabu zake. Anayetoa kwanza hutoa kabla ya hesabu kukamilika. Juma hili nimekaa na somo hilo huku nikimfikiria Jason Brown wa Marekani, aliyekuwa mchezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani kabla ya kuwa mkulima.

Kwa wasioufahamu mchezo huo, ni ule wa kofia ngumu na makinga ya mabegani, ambao mpira wake una umbo la yai lililochongoka pande zote mbili. Brown alicheza nafasi ya senta. Senta huinama katikati ya mstari wa mbele, mkono wake ukiwa umeushika mpira uliolala chini, na wakati ukifika huupitisha kati ya miguu yake kwenda kwa mchezeshaji wa timu aliye nyuma yake. Papo hapo hupokea kifuani uzito wa mabeki wa timu pinzani, watu wa kilo 130 na zaidi, ili mwenzake apate sekunde mbili tatu za kutazama na kurusha. Kila shambulizi huanzia mkononi mwake, ila yeye mwenyewe harushi, hakimbii na mpira, na kwa kawaida kanuni haimruhusu hata kuudaka mpira uliorushwa mbele. Watazamaji hulikumbuka jina lake siku anapokosea. Nilipoelewa jambo hilo nilirudi kwenye somo letu na kulisoma upya, kwa maana huyu ni mtu ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukiachia kile alichokishika, na kukiachia mapema kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani.

Alizaliwa mwaka 1983 katika mji wa Henderson, North Carolina, akachezea Chuo Kikuu cha North Carolina, na mwaka 2005 akachaguliwa na timu ya Baltimore Ravens katika raundi ya nne ya uteuzi wa wachezaji wapya. Mwaka 2009 timu ya St. Louis Rams ilimpa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 37.5, na kwa mkataba huo akawa senta anayelipwa kuliko masenta wote wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Msimu wake wa kwanza na Rams, timu hiyo ilishindwa michezo 15 kati ya 16.

Kilichomgusa zaidi hakikutoka uwanjani. Kaka yake, Lunsford Brown, alikuwa askari wa jeshi la Marekani, na aliuawa nchini Iraq mwezi Septemba 2003, kambi ya Abu Ghraib iliposhambuliwa kwa makombora. Alikuwa na umri wa miaka 27. Jason wakati huo alikuwa bado kijana wa chuo. Miaka ilipita, naye akafikisha miaka 27, na kwa ushuhuda wake mwenyewe siku hiyo alijipima mbele ya kaka yake na kujiuliza yeye ametoa nini. Alikuwa na nyumba kubwa, fedha na jina. Tunaofiwa tunalijua swali hilo: mdogo hufika umri ambao mkubwa wake hakuuvuka, akaanza kuishi miaka ambayo mwenzake hakupewa.

Mwezi Machi 2012 Rams walimwachia, ikiwa imebaki miaka miwili ya mkataba. Alikuwa na umri wa miaka 28, na timu nyingine zilikuwa zikimtaka. Alipoamua kuacha mpira akalime, wakala wake alimwambia anafanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yake. Brown akamjibu kwamba sivyo. Mwezi Februari 2013 Ravens, timu aliyoanzia, ilitwaa ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Yeye alikuwa amekwenda kununua shamba la ekari 1,000 hivi karibu na Louisburg, katika jimbo lake la nyumbani, bila kujua kilimo. Alijifunza kwa kutazama video kwenye intaneti na kwa kuwauliza wakulima wa jirani, na shamba akaliita First Fruits Farm, yaani Shamba la Malimbuko. Ahadi yake ilikuwa kwamba sehemu ya kwanza ya kila mavuno itakwenda kwa wenye njaa kupitia vituo vinavyogawa chakula bure.

Zao lililomtambulisha ni viazi vitamu, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa North Carolina ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa zao hilo. Hapa niruhusuni nikawie kidogo. Mahindi huyaona yakibeba, na maharage unaweza kuyahesabu kwa macho, kiazi kimefunikwa. Marehemu bibi yangu alikuwa akipita juu ya matuta asubuhi akitafuta nyufa, kwa sababu udongo hupasuka kiazi kinapotanuka chini, kisha huchuchumaa, huingiza vidole kando ya shina, hupapasa, na huchomoa kimoja bila kuung'oa mmea. Mpaka vidole vifike, majani mazuri hayamwambii mtu lolote. Mara nyingi tuta lenye matembele mengi kupita kiasi ndilo lenye viazi vyembamba kama mizizi. Kuahidi malimbuko ya viazi, basi, ni kuahidi kitu ambacho hujakiona. Brown aliahidi hivyo kwa shamba la kwanza la maisha yake.

Msimu wa vuli wa Marekani, yaani miezi ya Septemba hadi Novemba, mwaka 2014, viazi vya ekari tano vilichimbwa. Watu wa kujitolea waliingia shambani kuokota kwa mikono, na vyote, makumi ya maelfu ya kilo, vikatolewa. Matango nayo yalitolewa, na walioshiriki walieleza kwamba mwenye shamba hakukaa mbali akitoa maagizo, bali alichuma matango pamoja nao. Sheria ya Mambo ya Walawi 19 ilimkataza mwenye shamba kuvuna pembe za shamba lake na kuyakusanya masazo, ili maskini na mgeni wapate kuokota, na ndiyo iliyompa Ruthu riziki katika shamba la Boazi. Hapa waliookota hawakuachiwa pembe. Waliachiwa ekari zote tano.

Najua wako watakaosema ni rahisi kutoa ukiwa na mamilioni benki. Ni kweli, na tusilifiche jambo hilo tunapoisimulia habari hii. Ekari 1,000 zilinunuliwa kwa fedha za mpira, na kwa mizani ya Bwana katika Luka 21 yule mjane wa senti mbili bado anawazidi wote. Hata hivyo Luka 12 inamtaja mtu mwingine, ambaye shamba lake lilizaa sana, naye akaazimia kuvunja ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Brown alifikia mahali pale pale aliposimama tajiri yule. Wala sidhani kwamba kuacha kazi ndiyo utakatifu. Hakuna andiko linalomwamuru senta kuacha mpira wala karani kuacha ofisi. Tunapenda kusimulia sehemu ya mamilioni yaliyokataliwa, kwa sababu inasisimua, tukairuka miaka miwili ya kujifunza kupanda iliyofuata, ambayo hakuna uwanja uliojaa watu waliokuja kuishangilia.

Katika somo letu uko mstari ambao kwa miaka mingi nimeusoma haraka, ule wa 11. Baada ya kikapu kuwekwa na maneno ya kumshukuru Mungu kusemwa, mtoaji anaamriwa kuyafurahia mema aliyopewa, yeye pamoja na Mlawi, na mgeni aliye kati yao. Mlawi hakuwa na shamba, wala mgeni hakuwa nalo. Malimbuko yalikuwa na watu wa kuyafurahia ambao hawakuyalima.

Sikukuu yetu ya mavuno ni Jumapili ijayo. Kama ilivyo desturi, mikungu ya ndizi, kuku, maboga na magunia ya viazi vitafikishwa mbele, vitaombewa, kisha baada ya ibada vitapigwa mnada nje ya kanisa, na mwenye fedha ataondoka navyo. Mwaka jana nilimwona mama mmoja wa mtaa wetu akisimama pembeni tangu mnada unaanza mpaka unakwisha, akiwa na mfuko uliokunjwa mkononi, na sikumuuliza alikuwa anasubiri nini. Mwaka huu nimewaomba wazee wa kanisa kwamba kabla ya bei ya kwanza kutajwa, gunia la kwanza la viazi liondolewe kwenye mnada na kufunguliwa, nao wamekubali. Mwenye kujua kaya isiyo na chakula aniletee jina kabla ya Ijumaa jioni, na vijana wenye baiskeli wabaki baada ya ibada.