Kichwa Kinapozunguka

Juzi asubuhi, stendi ya Moshi, tukisubiri Kosta ya Arusha ijae, Mamu akaniuliza: "Baba, kwa nini na sisi hatuna treni ya kwenda na kurudi kila siku kama ya kwa shangazi Dar?" Nikamjibu kwa kifupi, lakini mawazo yalishanirudisha stesheni ya Arusha.

Treni ya abiria ilikuwa imerejea: Moshi Desemba 2019, Arusha Oktoba 2020, baada ya ukimya wa zaidi ya miaka 20. Nilisafiri na baba mdogo, mstaafu wa reli. Tuliposhuka, abiria wakakimbilia getini. Yeye akanishika mkono. "Subiri kwanza uone kazi."

Arusha ndiyo mwisho wa reli, kwa hiyo kichwa cha treni kilichotuvuta sasa kilikuwa upande usiotakiwa. Kijana mmoja akaingia kati ya kichwa na behewa la kwanza. Akafunga koki ya upepo wa breki upande huu, akafunga na ya upande ule, ndipo akachomoa mipira inayopitisha upepo huo. "Ukichomoa kabla ya kufunga," baba mdogo akasema, "mpira unaruka na kukuvunja taya." Kichwa kikasogea, njia ikabadilishwa, kikapita pembeni hadi nyuma ya treni, njia ikabadilishwa tena, kikaja polepole kuunga. Mipira ikarudishwa, koki zikafunguliwa, tukangoja upepo ujae hadi behewa la mwisho. Dereva akafunga breki. Fundi akatembea kando ya treni akikagua gurudumu kwa gurudumu: vyuma vya breki vimekamata? Breki zikaachiwa, akakagua tena. Behewa moja likang'ang'ania, ikabidi atoe upepo kwa mkono. Lingeondoka vile, gurudumu lingeburuzwa kwenye reli hadi lifanye bapa.

"Umeona muda ulivyoliwa?" akaniuliza. Treni ya safari ndefu inavumilia. Ya kuwahisha watu kazini inafia hapo hapo, isipokuwa iwe na kichwa kila upande, au chumba cha dereva mbele na nyuma.

Halafu kuna njia yenyewe, moja tu, kama kilomita 86. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni zaidi ya saa mbili, na pasipo stesheni ya kupishana katikati, treni ya Arusha haitoki mpaka ya Moshi iingie. Dar walipoanza treni yao ya mjini mwaka 2012 walitumia reli ile ile ya zamani, lakini kutoka Ubungo hadi Stesheni ni karibu.

"Kwa hiyo huku haiwezekani, baba?" nikamuuliza baba mdogo.

"Nani kasema? Anza na kipande kifupi."

Nimelifikiria sana hilo. Moshi hadi Arusha nzima bado nasita, maana Kosta nayo ni kama saa mbili na inakushusha popote. Ila Usa River, Tengeru, hadi Arusha mjini, kwa foleni ile ya asubuhi, vichwa viwili na mabehewa machache? Hapo naona inalipa kujaribu.