Kuuzwa Kericho

Makanga aliapa kwa jina la mamake kwamba gari ni la Kisumu moja kwa moja. Nikalipa shilingi 800, ingawa Desemba nililipa 600, nikabanwa kiti cha nyuma, magoti kidevuni. Tulipofika Kericho tukauzwa.

Kama hujawahi kuuzwa, ni hivi: dereva akiona abiria waliobaki hawamlipii mafuta, anaegesha, anampa mwenzake pesa kidogo kwa kila kichwa, nanyi mnaambiwa mshuke muingie ile nyingine. Mvua ya Kericho nayo haikosi saa nane mchana. Mama mmoja mwenye magunia mawili ya viazi alikataa katakata. "Mimi si mbuzi!" Makanga akamwambia mbuzi hulipiwa kidogo. Yule mama akaketi juu ya gunia lake mlangoni, na hakuna aliyeweza kutoka wala kuingia kwa saa nzima. Mwishowe tulichanga 200 ya kupakia viazi vyake. Mimi nilitoa hamsini, si kwa wema, nilikuwa naangalia saa.

Kila miezi sita naenda Kisumu kuchukua dawa. ARV ni bure Nakuru pia, na hospitali haiko mbali na kwetu Bondeni, lakini kwenye benchi la pale huketi nusu ya chama cha mama. Na mimi ni kuchu, mwanamume anayependa wanaume. Tangu 2016, nikisoma Maseno, kituo changu kilikuwa nyumba fulani ya lango la bluu, haina bango, ambako hakuna aliyewahi kuniambia nimlete mke wangu apimwe. Tarehe 24 Mei 2019 nilikuwa kwenye foleni pale, televisheni inawaka, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakikataa kufuta kifungu cha 162, kile cha miaka 14 jela kwa watu kama mimi. Chumba kizima kimya. Sista akachukua rimoti, akapunguza sauti, akaita kadi iliyofuata.

Sista huyo ana mazoea yake. Kabla ya kukupa chupa, anaijaza pamba mdomoni, anaifunga, anaitikisa karibu na sikio lako. Isipolia ndiyo unapewa. Anayejua kusafiri na chupa ya vidonge kwenye matatu, halafu barabara iwe na matuta, hahitaji kuelezwa.

Nilifika saa kumi na nusu. Lango la bluu lina kufuli, na ukutani wameandika kwa chokaa kwamba nyumba inapangishwa. Simu yangu iliibwa Machi, kwa hiyo kama walituma ujumbe, aliusoma mwizi. Mwanabodaboda aliyekuwa kivulini akaniangalia. "Omera, unatafuta wale wa daktari? Walihama, Marekani ilifunga mfereji." Akanipeleka hospitali ya serikali kwa 150, mwendo ambao ningetembea.

Sista nilimkuta chumba cha nyuma, kati ya ndoo na fagio, amevaa koti lake. "Nyathina, nilikuwa nafunga." Akaniambia Januari 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa, waliamriwa waache kazi siku hiyo hiyo. Mafaili yaliletwa huku kwa tuktuk. Wateja wengine walikuja nyuma ya mafaili, wengine hajawaona tena. Mmoja alifika hadi mlangoni, akaona foleni ya akina mama wajawazito, akarudi.

Nikamsimulia habari ya Kericho na viazi. Alicheka hadi akavua miwani.

"Basi na sisi tuliuzwa. Ila nyinyi mliletewa gari."

Chupa mbili, vidonge 90 kila moja. Akafungua droo akitafuta pamba, hakuna. Akaenda chumba cha sindano, akarudi mikono mitupu, anasonya. Mwishowe akatoa tishu kwenye mkoba wake, akaichana, akajaza, akafunga, akatikisa sikioni mwangu. Ya pili ililia kidogo. Akaifungua tena.

Mama anajua huwa naenda Kisumu kununua samaki. Kando ya ziwa ngege wa kiganja kimoja walikuwa 450, na mwenye meza akaapa si wa China. Nikanunua watatu, nikaweka chupa chini yao.

Stendi usiku, makanga akanishika mkono. "Nakuru, boss, kiti kimoja!"

"Mnafika Nakuru, ama mtatuuza?"

Akaapa kwa jina la mamake.